Fahamu: Kito cha Tsar kinachochimbwa Ruvuma

Desemba 2025, yai la mapambo lililotengenezwa na karakana ya Fabergé mwaka 1913 kwa familia ya kifalme ya Urusi liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 22. Usonara wa dola ile ya Urusi unaonekana kuwa mbali mno na Songea. Lakini mkoa wa Ruvuma unachimba kito mashuhuri cha dola hiyo: aleksandraiti.

Kilitambuliwa miaka ya 1830 kwenye machimbo ya zumaridi ya milima ya Ural, kikapewa jina la mrithi wa kiti cha enzi, ambaye baadaye alitawala kama Tsar Alexander wa Pili. Mchana kito hiki ni cha kijani. Kwenye mwanga wa mshumaa hugeuka chekundu. Rangi hizo mbili zilikuwa za jeshi la dola, na Warusi wakakienzi. Siri yake ni kromiamu: hunyonya mwanga wa njano, hupitisha kijani na nyekundu, na aina ya taa ndiyo huamua rangi ipi itawale.

Katikati ya miaka ya 1990 watu walimiminika Tunduru, mkoani Ruvuma, mashariki mwa Songea, wakachekecha changarawe za mto Muhuwesi. Walipata yakuti, spineli na aleksandraiti halisi.

Tahadhari kwa mnunuzi: pete nyingi zinazodaiwa kuwa na aleksandraiti ya kale ya Kirusi zina jiwe la kutengenezwa lililotiwa vanadiamu, linalogeuka kutoka buluu ya kijivu kuwa zambarau. Lipimwe kwanza na mtaalamu wa vito, ndipo bei izungumzwe.