Mtoto Mchanga na Baridi ya Kipupwe

Tibirinzi, mtaa wa mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, una kiwanja cha kufurahishia watoto ambacho hujaa watu siku za sikukuu. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, Idi huzunguka misimu yote. Idi ya Fitri ya 2017 na ile ya Mfunguo Tatu ya 2023 ziliangukia mwishoni mwa Juni, yaani katikati ya kipupwe. Jioni za namna hiyo upepo wa kusi huvuma, na wazazi hutoka na watoto wao wachanga. Mmoja huonekana amevishwa kofia ya sufu, soksi na blanketi, jasho likimtiririka. Mwingine ametoka kuogeshwa, nywele mbichi, amevaa kanzu nyepesi, na upepo unampiga usoni. Wote wawili wamo taabuni, ila kwa sababu zinazopingana.

Usiku wa Julai, kipimajoto kisiwani Pemba hushuka hadi nyuzi 22 hivi za sentigredi. Mtu wa Ulaya hawezi kuiita hali hiyo baridi. Lakini mtoto mchanga aliye uchi huhitaji hewa ya nyuzi 32 hadi 34 ili ahifadhi joto la mwili wake bila ya kutumia nguvu za ziada. Kwake yeye, kipupwe ni baridi hasa.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Joto hutengenezwa ndani ya mwili na kupotea kupitia ngozi. Mtoto wa kilo 3 ana ngozi yenye eneo la sentimita za mraba 2,000 hivi, yaani 667 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 70 ana 17,500 hivi, yaani 250 tu kwa kila kilo. Hivyo, kwa kila kilo ya mwili, mtoto ana mlango wa kupotezea joto ulio mpana zaidi ya mara mbili na nusu. Isitoshe, kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganishwa na kiwiliwili, ndiyo maana kofia humfaa.

Pili, mtoto mchanga hawezi kutetemeka sawasawa kama atetemekavyo mtu mzima. Badala yake amejaliwa akiba ya mafuta yenye rangi ya hudhurungi, yaliyopo baina ya mabega, shingoni na kandokando ya figo. Mafuta hayo huunguzwa ili kutoa joto moja kwa moja. Kazi hiyo inahitaji oksijeni na chakula, na akiba yenyewe ina mwisho.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, si hewa bali ni maji. Gramu 1 ya maji inapogeuka mvuke juu ya ngozi huchukua kilojuli 2.4 hivi za joto. Tuseme nywele na nguo za mtoto zimebaki na gramu 10 za maji, kadiri ya vijiko viwili vya chai. Kukauka kwake kutachukua kilojuli 24. Mwili wa kilo 3 hupungua nyuzi 1 kwa kupoteza kilojuli 10.5 hivi. Lau joto hilo lote lingetoka mwilini na lisirudishwe, mtoto angeshuka kwa zaidi ya nyuzi 2, ilhali kiwango cha salama kwake ni kati ya 36.5 na 37.5 tu. Kwa kweli sehemu ya joto hilo hutoka hewani, na mwili nao hutengeneza jingine. Lakini upepo wa kusi huharakisha mvuke, na mwili huenda usiwahi kufidia. Mtoto na akaushwe barabara, kichwa kwanza, kabla ya kutolewa nje.

Kumfunika kupita kiasi nako si kumlinda. Tezi zake za jasho bado hazijakomaa, na blanketi zito huzuia joto lisitoke. Dalili nyepesi ni harara; nzito ni homa isiyotokana na maradhi. Mikono na miguu si kipimo, kwani mishipa ya damu ya huko husinyaa upesi na kuifanya ipoe hata pale mwili ulipo salama. Kipimo ni kisogo au tumbo: pakiwa na jasho, nguo moja ivuliwe. Kanga mbili nyepesi zafaa kuliko blanketi moja, maana hewa iliyonaswa baina yake huzuia joto, na moja huondolewa kwa urahisi. Uso usifunikwe.

Wazee wengi husema upepo huleta kichomi. Kichomi huletwa na bakteria na virusi, na moshi huwasaidia. Kumfungia mtoto chumbani pamoja na seredani ya makaa ili apate joto ni jambo baya kuliko matembezi yoyote ya Tibirinzi, kwa kuwa makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, au 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi mwaka, ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya mara moja.

Jua la kipupwe nalo lisidharauliwe. Chake Chake iko kiasi cha nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, hivyo hata tarehe 21 Juni jua la adhuhuri hupanda nyuzi 61 juu ya upeo. Asubuhi kabla ya saa nne, au alasiri chini ya kivuli, ndio wakati mwema. Na kurudi kuwe kabla ya magharibi, mbu wa malaria hawajaanza kazi.

Shuleni jambo hili laweza kuonyeshwa kwa makopo matatu yaliyo sawa, kila moja likitiwa maji ya nyuzi 37. Moja liachwe wazi, la pili lizungushiwe kipande cha kanga kikavu, la tatu kipande kilicholowana. Yawekwe barazani penye upepo na kusomwa kila baada ya dakika 5, kitambaa cha tatu kikinyunyiziwa maji kisikauke. Kopo la tatu hupoa upesi kuliko yote, na baada ya muda huweza kushuka chini ya joto la hewa yenyewe.