Istilahi za Viza ya Kuungana na Familia

Watu wa Unguja wana jamaa katika nchi nyingi. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya wengi wakaelekea Uingereza na nchi za Ghuba. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka ya Oman mwaka 1970, wengi wenye asili ya huko walihamia Muscat. Na wengine waliondoka katika miongo iliyofuata kwa ajili ya masomo, kazi au siasa. Kwa hiyo, katika Mji Mkongwe hazikosekani karatasi zinazosubiri kufasiriwa ili mke amfuate mumewe, au mtoto awafuate wazazi wake. Karatasi hizo husomwa mbali na afisa asiyejua Kiswahili na asiyeifahamu jamii yetu. Neno likikaa kombo, ombi hukataliwa, na pengine mwombaji mkweli huonekana mwongo. Ndiyo maana twaona yafaa kuzijadili baadhi ya istilahi zinazohusika.

Hata jina la kibali chenyewe lina mushkeli. Wapo wanaoandika "visa" na wapo wanaoandika "viza". Umbo la kwanza limekwisha kuchukuliwa na wingi wa "kisa", na wenye ulimi mwepesi husema kwamba hilo ndilo jina lake hasa, maana safari ya kukitafuta kibali hicho haimalizi visa. Umbo la pili nalo linagongana na mayai viza. Sisi twapendekeza "viza" katika ngeli ya I-/ZI-: viza hii, viza hizi. Yai viza halitaingia katika hati ya ubalozi, lakini "visa vyake" vyaweza kumkanganya msomaji katika maelezo ya mwombaji mwenyewe.

Ama istilahi ya Kiingereza inayotaja familia kukutanishwa ina kiambishi chenye maana ya "tena". Baadhi ya wafasiri wamekifuata, wakaandika "kuungana tena kwa familia". Hapa pana hatari. Bibi harusi aliyeozwa Unguja, mume akiwa ng'ambo na kuwakilishwa na wakili wake katika nikahi, hajapata kuishi na mumewe hata siku moja. "Tena" hiyo inamsemea jambo lisilokuwapo. "Muungano wa familia" nao haufai, kwani neno "Muungano" kwetu lina kazi yake tangu tarehe 26 Aprili 1964. Watu wenyewe husema tu "amemfuata mumewe", na usemi huo ni mzuri mno katika mazungumzo, ila haumtoshelezi mzazi anayeitwa na mwanawe. Kwa maandishi rasmi twachagua "kuungana na familia".

Lakini familia ni nani? Maagizo ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 22 Septemba 2003 kuhusu haki hiyo yanawataja kwanza mume au mke na watoto wadogo wasiooa wala kuolewa. Wazazi na watoto wakubwa wameachiwa hiari ya kila nchi mwanachama. Kwetu neno hili humkusanya hata mtoto wa mjomba. Mwombaji akiandika "baba yangu yuko London", huenda anamkusudia baba mdogo, na hajasema uongo. Akiandika "ndugu", twapaswa kumwuliza: wa tumbo moja, wa baba mmoja, au mtoto wa ami? Mfasiri asikisie. Aulize, kisha aufafanue uhusiano kwa ukamilifu, hata kama neno moja litazaa maneno sita. Cheti cha kuzaliwa kikionyesha baba mwingine na barua ikisema vingine, afisa hatatafuta elimu ya ukoo wa Kiswahili. Ataandika kwamba maelezo yanapingana.

Hali kadhalika majina. Mzanzibari aghalabu huandika jina lake, la baba na la babu. Fomu za kigeni hudai "jina la ukoo", naye hujaza jina la babu. Matokeo yake ni kwamba baba na mwanawe wana "jina la ukoo" tofauti, na mke hana hata jina moja la mumewe. Twashauri mfasiri aandike maelezo mafupi chini ya tafsiri, ayatenge wazi na maneno ya hati, bila ya kuyabadili majina ili yafanane.

Neno linalozua ubishi zaidi ni "mtegemezi". Wapo wanaodai kwamba latokana na "tegemeza", hivyo mtegemezi ni yule anayewakimu wenziwe. Sisi twaona kwamba kama vile mtembezi ni anayetembea na mpokezi ni anayepokea, mtegemezi ni anayetegemea. Anayemkimu aitwe "mtegemewa". Anayezigeuza hizi mbili amegeuza nani anamlisha nani, ilhali fedha ndiyo nguzo ya maombi mengi. Uingereza, kwa mfano, iliweka mwezi Julai 2012 kima cha mapato cha paundi 18,600 kwa mwaka kwa anayemwita mwenzi wake, na mwezi Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000. Mtu huyo mwenye kuita twamwita "mdhamini". "Mfadhili" hafai: mfadhili hutoa kwa hisani, mdhamini amefungwa na sharti.

Katika Ghuba mdhamini huitwa "kafili", na neno hilo limekwisha kukaa katika vinywa vya watu wetu. Hata hivyo, lina ndugu yake, "kafala", ambayo katika sheria ya Kiislamu ni kumchukua mtoto kumlea bila ya kumvua nasaba ya baba yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala katika kifungu cha 20, ukiitenga na kuasili. Basi mtoto aliyelelewa na bibi yake Makunduchi tangu anyonye ni "mtoto wa kulea". Asifasiriwe kuwa ameasiliwa, kwani afisa atadai hati ya mahakama ambayo haikuwahi kuandikwa.

Kwa wake wawili, mlango ni mwembamba zaidi. Maagizo yale ya Ulaya hayaruhusu mke wa pili aingie iwapo mwingine anaishi huko na mume. Cheti cha talaka chapasa kufasiriwa pamoja na aina yake. Talaka rejea ambayo eda yake haijesha haijaivunja ndoa.

Jambo la mwisho lamhusu mfasiri mwenyewe. Kwa maombi ya Uingereza, tafsiri iwe na thibitisho kwamba ni sahihi, tarehe, jina kamili na saini ya mfasiri, pamoja na anwani au simu ya kumpatia. Wapo wanaopiga muhuri mkubwa na kuliacha jina.