Mtu wa Chini ya Shimo



Ukitoka Njombe mjini kupandisha kuelekea Makete, mbao zinakusindikiza. Zimepangwa kando ya barabara zikisubiri Fuso. Mkoa huu unaishi kwa miti: misindano, mikaratusi, na miwati, zao lililozaa kampuni ya TANWAT pale Njombe mwaka 1949. Siku hizi gogo linapasuliwa kwa mashine ya ding-dong, na kelele zake zinavuka bonde. Vijana wengi hawajawahi kuona shimo la kupasulia mbao.

Mimi nililiona Tandala, sebuleni kwa mzee mmoja wa zaidi ya miaka sabini, juu ya kibao kisichozidi urefu wa mkono. Ameniruhusu kusimulia, mradi nisimtaje jina.

Mzee huyu alikuwa mpasua mbao ujanani. Alipostaafu ukulima mzito akaanza kutengeneza mfano wa kazi yake ya zamani. Alipima kila kitu: sentimita ishirini za kweli alizifanya moja. Gogo ni tawi la msindano lenye magome yake. Msumeno ameukata kwenye bati la kopo, akaulaza siku kadhaa kwenye maji ya chumvi mpaka ukashika kutu. Shoka, tupa ya kunolea, uzi uliopakwa masizi kwa ajili ya kupiga mstari, vyote vipo. Pembeni limesimama lori la Bedford lenye matairi ya kandambili. Unga wa mbao aliuchekecha kwa chujio la chai la mkewe, bila ruhusa.

Juu ya gogo amesimama mtu wa udongo, mikono kwenye mpini. Lakini shimoni hapakuwa na mtu. Kwa miaka minne kazi ilikaa hivyo. Wageni waliisifu, naye alijibu, "Bado kidogo."

Anayeifahamu kazi hiyo anajua kwamba msumeno wa shimo hauendi kwa mtu mmoja. Wa juu anaona mstari na kuuongoza msumeno. Wa chini hauoni mstari. Yeye anavuta, na meno hukata yanaposhuka, kwa hiyo nguvu kubwa ni yake. Vumbi lote linamwangukia machoni na kifuani. Mbao zikitoka, mnunuzi huongea na aliyeko juu, kwa sababu ndiye anayeonekana.

Wa juu alikuwa mzee wetu. Wa chini alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Msimu mmoja wa miaka ya 1970 walipasua mbao za kujaza lori. Mzee alilipwa, akanunua mabati ya nyumba yake, akamwambia mwenzake kwamba mnunuzi bado hajaleta fedha. Shemeji aliyaona mabati yakipigwa misumari. Hakuuliza. Alichukua tupa yake na kuhamia kijiji kingine, na tangu siku hiyo walikutana misibani tu.

Mzee alikuwa amepanga kuutoa mfano ule kama sadaka, Sikukuu ya Mavuno, unadiwe pamoja na mahindi, viazi na kuku. Wiki moja kabla, mkewe alisimama mbele ya kibao akasema, "Baba, umemaliza kila kitu isipokuwa mtu." Akarudi jikoni. Mama huyo alikuwa amelala chini ya mabati yale zaidi ya miaka arobaini.

Mpendwa, tunalijua neno la Bwana katika Mathayo 5:23-24. Ukiwa unaleta sadaka, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda kwanza mkapatane. Angalia vizuri: Yesu hakusema kama wewe una neno juu yake. Amesema kama yeye ana neno juu yako. Wengi tunajichunguza kama tuna kinyongo, tukikuta hatuna tunasonga mbele na bahasha yetu. Aliyetendewa ndiye anayekumbuka.

Naye Yakobo (5:4) anasema ujira uliozuiliwa una sauti, na sauti hiyo imefika masikioni mwa Bwana. Mzee aliniambia, "Mwanangu, mimi niliisikia kila mvua ikinyesha juu ya bati."

Asubuhi yake alikwenda. Alibeba fedha aliyoipata kwa kuuza ng'ombe, maana hakujua namna nyingine ya kuhesabu deni la miaka mingi hivyo. Akaieleza kweli yote, akiwa amesimama. Shemeji alipokea, akahesabu mpaka noti ya mwisho, akaitia mfukoni. Hakusema amesamehe. Aliuliza tu, "Hicho kitu chenyewe kiko wapi?"

Siku mbili baadaye alikuja Tandala. Dada yake alimpokea mlangoni, akashindwa kusema. Mzee wa chini ya shimo aliinama juu ya kibao, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mpini wa chini haukuwa hivi. Ulikuwa unatoka, ili msumeno uchomolewe juu. Wewe ungejuaje?" Akaomba kisu. Akachonga mpini mpya mdogo kuliko kiberiti, akaufunga mahali pake. Halafu akafinyanga mtu kwa mikono yake, akamsimamisha shimoni, uso umeinuliwa juu.

Sulemani alipojenga Hekalu alipeleka Lebanoni watu 30,000, zamu za 10,000 kila mwezi (1 Wafalme 5:13-14). Majina yao hayakuandikwa, lakini kila ubao wa mwerezi ulipita mikononi mwa mtu. Nyumba zetu nazo zina watu wa chini: dada wa kazi ambaye mshahara wake unasogezwa mwezi hadi mwezi, kibarua wa shamba la viazi, fundi uliyemwambia "njoo kesho" mara kumi, ndugu uliyemwuzia shamba la urithi bila kumgawia. Sisi tuko juu ya gogo, tunaonekana, tunashukuru kanisani kwa kufanikiwa.

Ni kazi gani imekaa kwako ikiwa "bado kidogo"? Pengine kilichopungua si rangi wala muda. Ni mtu. Na kuna sehemu ya maisha yako ambayo ni yeye peke yake anayeijua ilivyokuwa.

Mfano ule ulinadiwa Jumapili ya Mavuno. Walioubeba kwenda mbele walikuwa wawili, mmoja kila upande.

Ee Bwana, tukumbushe leo jina la yule tuliyemwacha shimoni, na utupe miguu ya kumwendea kabla ya sadaka. Amina.

Jumapili njema.