Mau Mau Kwenye Projekta

Nafundisha Historia Kidato cha Tatu, na hapa mtaani Fedha, Nairobi, ndege hunikatiza sentensi katikati. Basi naanzia hapo hapo. Uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958 ulijengwa na watu waliozuiliwa kwa tuhuma za kuunga mkono uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Waingereza, kwa kazi ya kulazimishwa. Nafungua Google Earth kwenye projekta. Wanafunzi watatafuta nyumba zao kwanza, halafu uwanja. Kelele lazima.

Kisha twende Nyeri, kwenye kambi za kizuizini za Mweru na Aguthi, ambazo mashirika ya Museum of British Colonialism na African Digital Heritage yamezijenga upya kwa kompyuta, unaona mabweni na ua. Bila picha hizo, kambi kwa mtoto wa Eastlands ni hema la skauti.

Nikishaonyesha, nazima. Nauliza: aliyechora hiki alitumia ushahidi gani, na wapi amekisia? Wanabishana, wanarudi kwenye kitabu wenyewe. Video ya nusu saa huwalaza tu, hata iwe nzuri vipi.

Kila kitu napakua usiku, bando zikiwa nafuu. Stima ikipotea, nina ramani zilizochapishwa pale saiba, shilingi 10 ukurasa.