USIKUBALI KUFOMATI! PROGRAMU IKIGOMA, IPIKE UPYA

Kuna neno moja ambalo mafundi wengi wa kompyuta hapa mjini wanalipenda kuliko bia ya ofa. Neno lenyewe ni "kufomati". Kompyuta ikikohoa, fomati. Ikipiga chafya, fomati. Ukimuuliza fundi vitu vyako vya ndani vitakwenda wapi, anakutazama kama vile umemuulizia mjomba wake aliyepotelea Zambia.

Mimi nasema hivi: kama ndani ya hiyo kompyuta mna hela za watu, usikubali haraka haraka. Mara nyingi hesabu zako ni nzima kabisa, mgonjwa ni programu inayozisoma. Na kama programu yenyewe ni ya chanzo huria, yaani walioiandika wameuacha hadharani kila mstari wake, basi una haki ya kuifumua na kuiunda upya mpaka ikae sawa. Bure, bila kumpigia mtu magoti.

Hela za akina mama

Nina ushahidi. Mimi ndiye ninayekiwekea hesabu kikundi cha kina mama 27 wa mtaani kwetu. Kila Jumamosi wananunua hisa, wanakopa, wanarejesha, na mwisho wa mwaka wanagawana. Hesabu zote ziko ndani ya GnuCash, programu ya uhasibu ya bure ambayo imekuwepo tangu mwaka 1998. Kompyuta ni ya mtumba, inaendeshwa na Linux.

Mwishoni mwa mwaka jana, zikiwa zimebaki siku nne kabla ya mgao, mfumo ulijisasisha, na baada ya hapo kasheshe ikaanza. Kila nikifungua kitabu cha hesabu, programu inajibu kwamba haina njia ya kukifungua. Fundi mmoja akaitazama dakika mbili, akatoa hukumu: "Kaka, hapa dawa ni kufomati tu."

Mama mwenyekiti akanipigia simu usiku uleule. "Mwanangu, hela zetu zipo au hazipo?"

"Zipo, mama. Kitabu kizima, msomaji ndiye anayeumwa."

"Basi mtibu huyo msomaji. Jumamosi watu wanataka chao."

Pima kabla ya kutibu

Kosa la hifadhidata si moja, na hapa ndipo wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. La kwanza ni faili kuharibika lenyewe, pengine diski imechakaa au umeme umekatika vibaya. Hapo ujumbe unasema faili ni "malformed", na hata ukiunda programu mara mia haisaidii. Linalohitajika ni kuokoa kilichosalia. La pili ni faili kufungwa: programu ilizimika ghafla, ikaacha alama kwamba kuna mtu ndani. Ukishahakikisha hakuna mwingine aliyelifungua, unaiambia ifungue tu. La tatu ndilo lililonikuta: faili zima, ila programu haina mlango wa kuingilia.

Utajuaje? Kwanza kabisa funga programu, kopi faili lako na uweke nakala kwenye flashi. Usiguse kitu kabla ya hapo! Pili, GnuCash ina namna kadhaa za kuhifadhi, na mimi natumia SQLite, hifadhidata iliyobuniwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000, naye akaiachia dunia nzima bila hakimiliki. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kinakaa ndani ya faili moja, na faili hilo unaweza kulifungua kwa kijiprogramu kiitwacho sqlite3 bila kuihitaji GnuCash. Ukiwa humo andika "PRAGMA integrity_check;" kisha subiri. Mimi nilijibiwa neno moja tu: "ok". Nikashusha pumzi. Majedwali yote yalikuwepo: akaunti, miamala, na mgawanyo wa kila muamala.

Mchele na wali

Sasa msomaji, twende taratibu. Programu unayopakua ikiwa tayari ni wali. Kuna mtu mahali fulani amekuchagulia chumvi na mafuta, wewe unakula tu. Chanzo ni mchele. Aliyeupika wali wangu safari hii aliiacha nje sehemu ya SQL, ile inayoiwezesha GnuCash kuzungumza na hifadhidata. Programu ikawa inafungua mafaili ya XML peke yake. Lile la akina mama likawa halijulikani.

Kabla ya kuwasha jiko, angalia kama kuna wali mwingine uliopikwa vizuri. Pengine kilichokosekana ni dereva tu. Kwenye Debian na Ubuntu inaitwa libdbd-sqlite3, unaiongeza na mambo yanakuwa poa. GnuCash inapatikana pia kwa njia ya Flatpak, ila bando lako liwe na misuli. Kwangu dereva ilikuwepo, mlango ndio haukuwepo, na bando lilikuwa la kuungaunga. Nikaamua kupika.

Kazi yenyewe ina hatua nne. Unapakua chanzo kutoka kwa wenyewe, wala si kwa mtu wa kati. Unakusanya mahitaji: kompaila, na maktaba zile ambazo programu inaziegemea, kila moja ikiwa na mafaili yake ya kuundia. Halafu unaita cmake, ambaye ni kama mpishi mkuu. Anapita jikoni kukagua kama kila kitu kipo. Mimi nilimwambia waziwazi "-DWITH_SQL=ON", yaani SQL nataka, na programu ikimalizika aiweke ndani ya folda yangu mwenyewe, isichanganyike na ya mfumo. Akagoma! Akasema haioni libdbi, maktaba inayounganisha GnuCash na hifadhidata. Usichukie akigoma hivyo. Afadhali alalamike jikoni kuliko chakula kiharibike mezani. Nikaongeza kilichokosekana, akakubali.

Hatua ya mwisho ni kuunda. Mistari inatiririka kwenye skrini kama mvua ya masika, feni inalia, na kompyuta ya mtumba inapata moto wa kupasia nguo. Ikimaliza, usikimbilie kufungua kitabu. Endesha kwanza majaribio yaliyokuja na chanzo, uone kama sehemu zote zinafanya kazi.

Programu yenye wivu na hela

Hapa kuna jambo lililonifurahisha sana. GnuCash haihifadhi hela kwa namba zenye nukta, kwa sababu kompyuta ikicheza na nukta hupoteza vipande vidogo vidogo. Inahifadhi namba mbili nzima: juu na chini, kama sehemu tulizofundishwa shule ya msingi. Shilingi 12,500 inaweza kukaa kama 1,250,000 juu ya 100.

Tena kabla ya kuiamini hifadhidata, inaijaribu. Inaandika namba kubwa mno, yenye tarakimu 19, halafu inaisoma upya. Isiporudi vilevile, inakataa kufungua wala kuhifadhi chochote, kwani baadhi ya matoleo ya zamani ya libdbi yalikuwa yanaziharibu namba kubwa. Heri programu inayogoma kuliko inayokubali kila kitu huku inakula hela za watu kimyakimya.

Nilifungua ile nakala kwanza, sio faili lenyewe. Ikafunguka. Nikalinganisha salio la kila mama na daftari la mkono, jina kwa jina, majina yote 27. Hakuna hata shilingi iliyokosa kwao. Hapo ndipo nikafungua kitabu chenyewe, na Jumamosi mgao ukafanyika mchana kweupe.

Neno la mwisho

Sisemi kila mtu awe fundi. Kuna siku kufomati ni lazima, na kuna mafundi wa kweli ambao nawavulia kofia. Ila uliza maswali matatu kabla ya kukabidhi kompyuta yako: Nakala iko wapi? Kinachoumwa ni faili au ni programu? Na je, chanzo cha programu hiyo kiko wazi? Fundi akishindwa yote matatu, chukua mashine yako, mwambie asante, ondoka.

Maana wali ukiharibika unamwagwa, lakini mwenye mchele halali njaa. Tukutane wiki ijayo, na flashi ya nakala iwe mfukoni!