Umaskini Wako Unapimwaje?

Ndugu mkulima, mkoa wetu wa Rukwa unasifika kwa mahindi. Malori hupakia magunia Sumbawanga na kuyapeleka mikoa mingine. Lakini utafiti wa Serikali wa mwaka 2017/18 ulionyesha kuwa watu 45 katika kila 100 wa Rukwa ni maskini. Inakuwaje wenye mahindi mengi waitwe maskini?

Jibu moja ni namna ya kupima. Utafiti ule ulihesabu matumizi ya nyumbani: chakula, hata kile mlicholima wenyewe, nguo na mahitaji mengine. Matumizi ya mtu mzima yasipofika shilingi 49,320 kwa mwezi, alihesabiwa kuwa maskini.

Sasa fikiri. Mkulima ameuza magunia 30. Fedha zote amenunua maksai wawili na plau. Mwaka huo nyumbani kwake wamekula ugali na maharage tu. Hawakununua nguo. Kwa kipimo cha matumizi, huyu ni maskini. Lakini mwakani atalima ekari nyingi zaidi. Kipimo hakikuwaona maksai wake.

Wataalamu wameliona jambo hili. Mwaka 2021 Profesa Christine Noe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake, Profesa Dan Brockington, walitoa kitabu juu ya vijiji vya Tanzania. Watafiti walirudi katika vijiji vilivyochunguzwa miaka mingi nyuma. Waliangalia mali: mashamba, mifugo, zana na nyumba. Waliona maendeleo ambayo hesabu ya matumizi peke yake haiyaonyeshi.

Wanafunzi wa shahada ya uzamili husomea mambo haya ya umaskini na maendeleo. Wengi wao huja vijijini kuuliza maswali. Akija kwako, fanya hivi:

1. Uliza kama ameleta barua ya kibali katika ofisi ya kijiji.

2. Usipotaka kujibu, una haki ya kukataa.

3. Ukikubali, sema kweli. Taja matumizi, mali na madeni. Usifiche ng'ombe.

4. Mwelekeze pia kwa jirani asiye na shamba wala jembe. Huyo mara nyingi haji mkutanoni, na mali haipo ya kumhesabia.

5. Mwombe alete majibu ya utafiti wake kwenye mkutano wa kijiji.

Mipango ya maendeleo hufuata hesabu. Tukihesabiwa vibaya, tutapangiwa vibaya.