Taa za Mapambo Katika Kambi za Karafuu



Msimu ukaribiapo, kazi ya kwanza ya mwenye shamba ni kutengeneza kambi ya wachumaji: mabanda ya makuti, jiko, choo, maji na mahali pa kuchambulia. Tangu Pemba ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa umeme wa chini ya bahari mwaka 2010, umeme umesogea hata karibu na mashamba, na sasa limeongezeka jambo jingine, nalo ni zile taa ndogo ndogo za rangi zilizotungwa katika waya mmoja kama shanga, ambazo wengi huziita vimulimuli. Zamani tulizizoea katika harusi tu. Leo zatundikwa kambini, na sababu yake twaijua sote: wachumaji ni haba, na kambi yenye mwanga hupata watu kabla ya kambi yenye giza. Tena kuchambua usiku kwataka taa, na jamvi lililo gizani humwita mwizi. Basi hatusemi ziondolewe, ijapokuwa wako wazee wasemao kwamba kambi si harusi. Twataka kueleza namna ya kuzitumia, maana kambini wamo kina mama na watoto, na watu wa mbali tuliowapokea wenyewe.

Wengi hudhani kwamba taa ikiwa ndogo umeme wake pia ni mdogo, na kwa hiyo hauna madhara. Hilo si kweli. Waya wa taa hizi ukichomekwa moja kwa moja katika soketi hubeba volti 230 zile zile za nyumbani. Umeme unaopita kifuani ukifika sehemu 30 za elfu za ampea moja waweza kumwua mtu. Na waya mmoja wa taa 20, kila moja ya wati 1, hupitisha zaidi ya sehemu 80. Tena kambini mtu hutembea pekupeku juu ya udongo wenye maji, na hiyo ndiyo hali ambayo umeme humpata mtu kwa urahisi kabisa.

Kwa hiyo, mwenye kununua na anunue taa za adapta, zile ambazo kisanduku chake hushusha umeme mpaka volti 24 au 12 kabla haujaingia katika waya wa taa. Hizo mtoto akizishika, hatari yake ni ndogo sana. Ila adapta yenyewe na ikae ndani, pakavu, kwa kuwa upande wake mmoja bado una volti 230. Atazame pia maandishi ya boksi. Penye herufi IP na nambari 44, taa hizo zastahimili maji ya kurushwa kutoka kila upande. Penye IP20, hizo ni za chumbani, wala hazina kinga yoyote ya maji. Mvua ya vuli haimpi mtu nafasi ya kukimbilia swichi.

Sasa mahali pa kutundika. Tumeona mara nyingi waya ukizungushwa katika mikarafuu iliyo karibu na mabanda. Kila mwanachama ajua kwamba tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika. Likikatika huja na waya. Na asubuhi yake mchumaji hupanda mti ule ule na ngoe yake, huku waya umefichwa na majani. Simikeni nguzo, vuteni kamba iliyokazwa baina yake, kisha fungeni waya wa taa juu ya kamba, ili kamba ndiyo ichukue uzito. Iwe juu kuliko mtu aliyejitwika gunia. Msiupigilie waya misumari, na msiwaache watu waanike nguo juu yake.

Taa za kizamani, zenye uzi unaowaka ndani ya globu, hupata moto sana. Zisiguse makuti, magunia wala makonyo makavu. Taa 20 za namna hiyo, za wati 15 kila moja, hula wati 300, ilhali zile 20 za LED tulizozitaja hula wati 20 tu. Mtu akiunga nyaya nne au tano za taa za kizamani, kisha akaongeza birika la umeme katika ekstensheni moja nyembamba, waya huo utachemka. Nao ekstensheni ukiachwa umeviringwa huchemka upesi zaidi, kwa sababu joto lake halina pa kutokea, ukunjueni wote. Maungio yainuliwe kutoka ardhini na kufunikwa. Kuunga waya kwa kipande cha nailoni hatukukubali hata kidogo.

Palipo na umeme wa nguzo, mwambieni fundi aweke kile kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, cha milliampea 30. Bei yake si kubwa ikilinganishwa na gunia moja la karafuu.

Wenye kutumia jenereta, jambo kubwa ni moshi. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huwaua watu usingizini. Mvua isiwe sababu ya kuiingiza bandani. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka wanapolala watu, na moshi uelekezwe kwingine. Petroli itiwe baada ya mashine kuzimwa na kupoa.

Mtu akinaswa na umeme, msimshike. Zimeni swichi kwanza. Isipowezekana, usukumeni waya kwa mti mkavu, nanyi mkiwa mmesimama pakavu. Kila mtu kambini, hata mpishi, aonyeshwe swichi ilipo siku ya kwanza anapofika.

Wenye taa za msimu uliopita wazikunjue na kuzipitisha mkononi kabla hazijachomekwa, maana panya hupenda kuutafuna waya uliowekwa ghalani. Atakayeona pametafunwa azilete ofisini siku ya mkutano, fundi azitazame.

Katibu